Mwanamke, Daftari na Jani la Chai
Habari za vyama vya akina mama Wakristo katika nchi ya Kericho na Bomet

Kijitabu cha taarifa ya mwaka huwa na hesabu za fedha, majina ya wenye vyeo na shukrani kwa waliotoa msaada. Mwaka huu twapenda kuongeza kurasa chache za historia. Sababu yetu ni hii: kazi nyingi zinazoonekana katika hesabu hizo, yaani ada za shule zilizolipwa, matangi ya maji yaliyojengwa na wagonjwa waliopelekwa hospitali, zilifanywa kwa mikono ya akina mama, na akina mama hao hawakuota kama uyoga baada ya mvua. Walifundwa. Na mahali walipofundwa wengi wao ni katika mikutano midogo ya wanawake Wakristo, chini ya mti, au katika nyumba ya kanisa iliyoezekwa kwa nyasi, siku ambayo si Jumapili.

Watu wengi hudhani kwamba mikutano hiyo ilikuwa ya kuimba, kuomba na kunywa chai tu. Hapana shaka nyimbo zilikuwapo, maombi yalikuwapo, na chai ilikuwapo. Lakini twaamini kwamba mambo yaliyomkuza mwanamke zaidi ni matatu ambayo hayatajwi sana katika mahubiri: kusimama na kusema mbele za watu, kusoma na kuandika, na kuweka hesabu ya fedha. Katika nchi ya chai hilo la tatu lilikuwa zito kuliko yote, na hapa chini tutaeleza kwa nini.

NCHI KABLA YA CHAI

Reli ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, ilipita kando ya nchi ya Wakipsigis, ambao wakati ule wageni waliwaita Walumbwa. Mwaka 1902 Waquaker watatu kutoka Marekani walianzisha kazi ya dini huko Kaimosi. Mmoja wao, Bwana Willis Hotchkiss, akawaacha wenzake baada ya miaka michache, akaja kuanzisha misheni ya kazi za mikono kati ya Wakipsigis. Katika miaka ya 1920 watu wa Africa Inland Mission walikuwa Litein. Katika miaka ya 1930 kazi ya Hotchkiss ilichukuliwa na Wamarekani wengine, wale wa World Gospel Mission, na kituo cha Tenwek kikasimama karibu na Bomet. Matunda ya kazi hiyo ni kanisa la Africa Gospel na hospitali ambayo leo yajulikana Kenya nzima. Mapadre wa Mill Hill nao waliifikia nchi hii, na Kaplong pakawa mahali pa Wakatoliki, penye hospitali na shule ya wasichana.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikibadili wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga eka 25,000 hapa Kericho kwa maofisa Waingereza walioumia vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na mpango huo ukafa katika muda wa miaka michache. Ndipo makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, yalipoingia katika miaka ya 1924 na 1925. Vilima vikavaa kijani kile tunachokiona hata leo. Mwafrika aliitwa kuichuma chai hiyo, lakini kuipanda katika shamba lake mwenyewe hakuruhusiwa hadi miaka ya 1950.

Je, mwanamke alikuwa wapi katika mambo hayo? Katika mila ya Wakipsigis alikuwa na heshima yake na mali yake. Kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake dogo, na kazi ya kuandaa mursik katika vibuyu ilikuwa yake. Alikuwa na shule yake pia: wasichana walipoingia jandoni walitengwa, wakafundishwa na wanawake wazee mambo ya utu, ya ndoa na ya siri za wanawake. Lakini katika kokwet, baraza la jirani lililokata mashauri, wazee wa kiume ndio waliokaa na kuamua. Neno la mwanamke lilifika barazani likiwa limebebwa na mumewe au ndugu yake.

SHULE MPYA YA WANAWAKE

Makanisa ya kiprotestanti yaliyoingia nchi hii yalipinga kutahiriwa kwa wasichana, na kupinga huko kulileta ugomvi mkubwa katika Kenya mwaka 1929, hasa kwa Wakikuyu. Kwa mama Mkipsigis jambo hili halikuwa la maneno. Alipokataa kumpeleka binti yake jandoni, alimnyima kisu, lakini pia alimnyima shule ile ya wanawake wazee. Binti angefundwa wapi, na nani? Majirani waliuliza swali hilo kwa dharau, na wengine wakasema kwamba msichana huyo atabaki mtoto siku zote na hatapata mume.

Hapo ndipo twaona maana ya kwanza ya chama cha akina mama. Kilishika mahali palipoachwa wazi. Wanawake waliokwisha kuvunja mila walihitaji wenzao wa kuwatia moyo, na mabinti zao walihitaji mama wengine wa kuwafunda. Mama mmoja peke yake angerudi nyuma upesi; mama kumi wakikutana kila juma waliweza kusimama. Sheria ya nchi ya kukataza tohara ya wasichana kabisa ilikuja mwaka 2011, na hata baada ya hapo wapo waliozifanya sherehe hizo kwa siri. Basi miaka 80 kabla ya sheria hiyo, ulinzi wa msichana ulikuwa mkutano wa mama zake.

Maana ya pili ni kusoma. Siku zile, katika sehemu nyingi za Kenya, kuwa msomaji na kuwa Mkristo yalihesabiwa kuwa neno moja, kwa kuwa anayetaka ubatizo alipaswa kusoma. Biblia nzima kwa Kinandi, lugha ambayo Mkipsigis aielewa, ilipigwa chapa mwaka 1939, na ile iitwayo ya Kikalenjin ilitoka mwaka 1969. Mwanamke aliyejifunza herufi ili asome Injili hakuishia katika Injili. Aliweza kusoma barua ya mwanawe aliyeko Nakuru bila kumwomba mtu mwingine amsomee siri zake. Aliweza kusoma karatasi ya mzani wa chai. Aliweza kuandika jina lake mahali ambapo zamani aliweka alama ya kidole.

Maana ya tatu ni kusema. Katika mkutano wa wanawake, kila mmoja hupata zamu ya kuomba kwa sauti, kusoma sura, na kueleza aliyoyafahamu. Huenda mtu akaliona jambo hilo kuwa dogo. Lakini mama aliyekuwa akinyamaza mbele ya kila mwanamume tangu utoto, akizoea kuomba kwa sauti mbele ya wenzake 20, siku moja ataweza kumwambia mwalimu wa shule kwamba mtoto wake ameonewa. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya Machi, wanawake Wakristo wa madhehebu mbalimbali huadhimisha Siku ya Maombi ya Dunia kwa utaratibu ulioandikwa na wanawake wa nchi moja kwa zamu. Hayo ni mazoezi ya uongozi, ijapokuwa hayaitwi hivyo.

VYAMA VILIVYOTOKA NG'AMBO NA KILICHOANZISHWA NA SERIKALI

Mfano wa vyama hivi ulitoka mbali. Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, Bibi Mary Sumner, mke wa kasisi, aliwakusanya wake wa matajiri na wake wa maskini ili wasaidiane katika malezi ya watoto. Yasemwa kwamba alipokuwa ameitisha mkutano wa kwanza alishikwa na haya, hata hakuweza kusema lolote siku hiyo. Mwaka 1885 alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa kanisa huko Portsmouth, akasema, na tangu hapo chama chake, Mothers' Union, kikaenea. Basi hata mwanzilishi mwenyewe alikuzwa na chama alichokianzisha. Katika Kenya chama hicho kilifika zamani za ukoloni, kwanza kwa wanawake Wazungu, kisha kwa Waafrika. Hapa katika nchi ya chai kilipata wanachama kati ya Waanglikana waliotoka Nyanza na Magharibi kufanya kazi mashambani. Makanisa mengine nayo yalikuwa na vyama vyao: Wapresbiteri, Wakatoliki, Africa Inland na Africa Gospel.

Mwaka 1952, mwaka ambao Hali ya Hatari ilitangazwa, serikali ya kikoloni ilianzisha Maendeleo ya Wanawake. Hiki hakikuwa chama cha kanisa. Kilisimamiwa na idara ya maendeleo ya jamii, na mafunzo yake mengi yalitolewa katika Jeanes School, Kabete: kushona, kupika, usafi, malezi ya watoto. Wako waliosema, na si bila haki, kwamba serikali ilitaka kuwatuliza wanawake wasijiunge na wapiganaji wa msituni. Hata hivyo vilabu vilifunguliwa kwa mamia. Mwaka 1958 Bibi Phoebe Asiyo alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chama hicho.

Twaona jambo moja hapa. Klabu ya serikali ilipofika kijijini ilihitaji mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina. Katika kijiji ambacho wanawake wengi hawakupata kusoma, aliyeweza kuandika kumbukumbu za mkutano alikuwa yule aliyejifunza herufi kanisani. Kwa njia hiyo mazoea ya kanisa yaliingia katika klabu, na baada ya Uhuru yakaingia katika vikundi vya Harambee, na katika vile vikundi vya miaka ya 1960 na 1970 ambavyo wanawake walichangiana kununua mabati, leo nyumba ya huyu, mwezi ujao nyumba ya yule.

JANI NI LA MAMA, CHEKI NI YA BABA

Sasa twafika katika kiini cha maneno yetu.

Mwafrika aliporuhusiwa kupanda chai, kilimo cha wakulima wadogo kilikua upesi. Mwaka 1960 serikali iliunda mamlaka ya mazao maalum, na mwaka 1964 ikafuatwa na Kenya Tea Development Authority, ambayo wakulima wote waijua kwa herufi zake, KTDA. Mkulima aliandikishwa, akapewa nambari. Majani yalipimwa katika kituo cha kununulia, na malipo yakatoka kila mwezi, na tena mara moja kwa mwaka yale yaitwayo bonasi.

Nambari hiyo iliandikwa kwa jina la mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa mwanamume. Kuchuma kukawa kazi ya mama na watoto. Mama aliamka alfajiri, akafunga kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi, akasimama katika mstari wa mzani. Kisha karani akaandika kilo zake chini ya jina la mumewe. Mwezi ulipokwisha, fedha zilikwenda mahali jina lilipo. Mwaka 1993 wachunguzi wawili, Dorthe von Bülow na Anne Sørensen, waliandika juu ya chai ya wakulima wadogo hapa Kericho, wakaonyesha jinsi malipo hayo yalivyoleta mvutano nyumbani, na jinsi wanawake wengine walivyopunguza nguvu zao katika chai, wakaenda kulima mahindi na mboga ambazo fedha zake waliziona kwa macho. Hatushangai. Mkono mtupu haulambwi.

Katika hali hiyo, fikiri maana ya daftari la chama cha akina mama. Humo jina lililoandikwa ni la mama mwenyewe. Alitoa shilingi yake, ikaandikwa, alikopa, ikaandikwa, alirudisha, ikaandikwa. Kwa wanawake wengi hiyo ndiyo karatasi ya kwanza duniani iliyosema kwamba mtu huyu ana fedha. Na mweka hazina alijifunza somo gumu kuliko kushona: kwamba fedha iliyo mkononi mwake si yake, na kwamba siku ya mkutano ataulizwa mbele ya wote. Mtu aliyepita katika mtihani huo miaka mitatu amekuwa mtu mwingine. Hujifunza kukataa ndugu anayeomba fedha za chama, hujifunza kusema hapana kwa upole, hujifunza kulala usingizi kwa sababu hesabu zake ni safi.

Twasikia baadhi ya wazee wakisema kwamba vyama hivi vyawafundisha wake ukaidi. Jibu letu ni kwamba mke ajuaye hesabu hasumbui nyumba ya mume mwaminifu. Amsumbua yule tu anayekunywa bonasi yote katika juma moja. Tena sheria ya nchi imekwenda mbele: sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 yatambua kuwa kazi za nyumbani na kazi za shambani ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini sheria haitembei yenyewe. Yahitaji mtu anayeweza kuisoma, kuitaja, na kuonyesha maandishi.

KATIKA LAINI ZA WAFANYAKAZI

Katika mashamba makubwa hali ilikuwa nyingine. Huko mwanamke alilipwa kwa jina lake, lakini aliishi mbali na kwao, katika nyumba ya kampuni, kati ya majirani wasiosema lugha yake. Mgusii, Mjaluo, Mluhya na Mkipsigis walikutana bombani. Chama cha kanisa kiliwaleta pamoja, na lugha yao ikawa Kiswahili. Mama wengi wa nchi hii walijifunza Kiswahili cha kusema mbele za watu katika mikutano hiyo, si shuleni. Mtoto alipofariki ugenini, chama ndicho kilichokuwa ukoo: kilichanga nauli, kikapika, kikakesha.

YALE YALIYOPUNGUA

Historia isiyotaja upungufu ni sifa tu, na sisi hatutaki kuandika sifa. Vyama hivi vilikuwa na milango mizuri, lakini milango mingine ilifungwa. Mothers' Union kwa miaka mingi haikumpokea mwanamke aliyeachika. Masharti hayo yalilegezwa huko Uingereza katika miaka ya 1970. Hapa kwetu, ambako wake wengi waliolewa katika nyumba za wake wawili au watatu, mke wa pili mara nyingi alikaa nje, hata kama alipenda kusali kuliko wengine. Kadhalika msichana aliyezaa nyumbani. Kadhalika mama asiye na mtoto wa kiume ambaye, kwa mila halali ya Wakipsigis, alioa mke ili jina la nyumba lisipotee. Hao ndio waliohitaji chama kuliko wote. Aliyehitaji mkopo wa shilingi chache ili mtoto aende shule aliambiwa kwanza aonyeshe pete.

Tena vyama hivi havikuwa na nguvu ya kushinda kila kitu. Vurugu za kikabila za mwaka 1992 na zile za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza wafanyakazi wengi kutoka nchi hii ya chai, na wanawake walioimba pamoja walitengana usiku mmoja. Mwezi wa Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilieleza habari za wanawake zaidi ya 70 waliosema kwamba wasimamizi wao katika mashamba ya chai hapa Kericho waliwadai mwili ili wapewe au wasinyimwe kazi. Habari hiyo ilitutia huzuni, lakini ilitufundisha pia. Mwanamke asiye na mahali pa kusema hunyamaza miaka mingi. Chama kinachofundisha kuomba kwa sauti lazima kifundishe pia kushtaki kwa sauti.

MATUNDA NA WAJIBU

Makanisa yenyewe yamebadilika. Mwaka 1982 Kanisa la Presbiteri lilimwekea mikono Bibi Nyambura Njoroge kuwa mchungaji, na mwaka 1983 Kanisa la Anglikana, katika dayosisi ya Maseno Kusini, likafanya hivyo kwa Bibi Lucia Okuthe. Katika siasa, wapiga kura wa Bomet walimchagua Dkt. Joyce Laboso kuwa gavana mwaka 2017, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kushika cheo hicho katika Kenya, hata alipofariki mwezi wa Julai 2019. Hatusemi kwamba chama fulani cha kanisa kilimfanya gavana. Elimu yake na bidii yake zajulikana. Lakini twasema kwamba mtu hawezi kumchagua mwanamke kuongoza kama hajapata kumwona mwanamke akiongoza. Na watu wengi wa vijijini walimwona kwanza katika chama cha kanisa, akiwa na kitabu cha kumbukumbu mkononi.

Basi twatoa mashauri matatu kwa vyama vyote vinavyosoma kijitabu hiki. La kwanza, yatunzeni madaftari ya zamani. Msiyatumie kuwashia moto. Hayo ndiyo historia ya mama zetu, na hakuna mahali pengine ilipoandikwa. La pili, badilisheni wenye vyeo kwa zamu. Mweka hazina akikaa miaka 20, amekua mmoja na wamedumaa 19. La tatu, angalieni ni nani aliye nje ya mlango. Ikiwa kazi ya chama ni kumkuza mtu, basi kianze na yule aliye mdogo zaidi machoni pa watu: mke wa pili, binti aliyezaa kwao, mchuma chai mgeni aliyefika juzi. Mwandikeni jina lake katika daftari, kwa mkono wake mwenyewe kama aweza, na kama hawezi, mfundisheni mwaka huu.